E ya Eliasi

Mke mwenzangu anaitwa Brenda. Msishtuke. Mimi ni Mlutheri, ndoa yangu ilifungwa kanisani hapa Akheri mchana kweupe, na mume wangu hana mwingine ninayemjua. Brenda ni sauti tu. Anakaa ndani ya kompyuta ya Eliasi, na kazi yake ni kumsomea kila kilichoandikwa kwenye skrini, kwa sababu Eliasi haoni. Anaongea kama mtu mwenye mafua, hapumui, na neno "mama" analitamka kama anamkaripia mtu. Lakini mume wangu akimsikia anatabasamu. Mimi nikiita chakula kiko mezani, naambiwa, "Subiri kidogo, Brenda anamalizia." Haya, niambieni nyie, kama huyo si mke mwenza ni nani?

Nasema hivi nikiwa nacheka, maana leo naweza kucheka. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Brenda, namshukuru kwa ajili ya Skolastika, na zaidi ya wote namshukuru kwa ajili ya Eliasi, ambaye nilishampoteza mara moja humu humu ndani ya nyumba.

Eliasi alikuwa mpiga kinanda wa kwaya yetu, na mimi nikiimba sauti ya pili. Ndipo tulipojuana. Shambani alikuwa kama wanaume wote wa huku, kahawa na migomba, ng'ombe bandani, lakini Jumamosi jioni akinawa mikono na kuvaa shati safi ungedhani ni mtu mwingine. Alikuwa na sikio, yule. Watu arobaini wanaimba, mmoja anapotea kidogo tu pale nyuma, yeye anasimamisha kinanda na kumtazama mwenye kosa moja kwa moja. Wengi walimwogopa. Mimi nilimpenda.

Halafu ikaja presha ya macho. Haina maumivu, haina kelele, inakula tu taratibu kama mchwa. Walipoigundua hospitali, jicho moja lilikuwa limeshakwenda na la pili liko njiani. Alipobaki gizani kabisa, Eliasi alivuta kiti akakiweka nje ya mlango wa jikoni, akakaa. Na alikaa kweli! Miaka miwili na zaidi. Kinanda kikafunikwa kitenge. Kwayani hakutaka kusikia. Unamuuliza utakunywa chai, anasema ndiyo. Unamuuliza utakula, anasema ndiyo. Unamuuliza una nini, anasema hapana. Nikichukua Biblia nimsomee, ananiambia, "Acha, Magdalena. Sitaki kusomewa kama mtoto." Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Macho ninayo mawili, mazima, na mume wangu hakutaka hata moja limsaidie.

Nilikuwa naongea peke yangu, jamani. Naongea na kuku, naongea na sufuria. Nilimsema ng'ombe mambo ambayo ng'ombe hana kosa nayo.

Aliyekuja kumtoa pale ni Skolastika, mtoto wa dada yangu. Dada aliolewa kwa Wakatoliki, ndiyo maana ya jina hilo. Skolastika ana meza yake ya ufundi wa kompyuta huko mjini Ngarenaro, katikati ya mafundi viatu na mafundi simu, na ana mdomo ambao sijui kaurithi wapi, kwa kweli sijui, dada yangu anasema ni kwangu. Siku ya Pasaka alimsalimia vizuri, "Shikamoo baba mdogo," akaitikiwa, halafu akamwambia, "Sasa baba mdogo, utakaa hapo mpaka uote mizizi?" Mimi nilitaka kumziba mdomo. Eliasi akacheka! Cheko dogo, la puani, lakini cheko.

Wiki iliyofuata Skolastika akaleta kompyuta ya zamani aliyoifufua mwenyewe. Aliiwekea Linux, ule mfumo ambao haununuliwi, unapewa bure na unaufanya utakavyo, na ndani yake akamweka Brenda, anayesoma kwa Kiswahili. Jina hilo la Brenda alilitoa Eliasi, na sababu yake hajawahi kuniambia, tuyaache. Sitawasimulia alivyojifunza, maana ni hadithi ya matusi mengi. Itoshe kusema kwamba ikafika wakati mume wangu akawa anarekodi, anakata sauti, anaziunganisha, yote kwa vidole na masikio. Na kwaya ikasikia. Mwenyekiti wa kwaya, Elirehema, mtu mpole lakini asiyependa kuchelewa, alikuja nyumbani na ombi: kwaya imerekodi nyimbo zake mpya kanisani, kila sauti peke yake. Je, Eliasi anaweza kuzichanganya ziwe wimbo?

Nilikuwa namenya ndizi. Kisu kilisimama. Eliasi akasema, "Naweza."

Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu macho yazime. Aliifanya kama mtu mwenye njaa. Rekodi zilikuwa nyingi, zikajaza mashine, kwa hiyo tukaipeleka Ngarenaro Skolastika aiongezee diski ya pili, kubwa, na nyimbo zote zikahamishiwa humo. Ijumaa tukairudisha nyumbani. Elirehema alikuwa ameshasema kwa upole wake kwamba Jumapili baada ya ibada kwaya ingependa kusikia kazi, na kama haijawa tayari basi, pasipo lawama kwa mtu yeyote, wataipeleka studio mjini.

Jumamosi asubuhi Eliasi akanawa mikono, akakaa, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Nilisikia feni ikizunguka. Tukasubiri. Brenda hakusema kitu.

Akazima, akawasha. Kimya. Akazima tena, akawasha. Kimya. Mimi nilikuwa natoka na ndizi zangu kwenda sokoni Tengeru, kitambaa kiko kichwani tayari. Nikamwona Eliasi anainuka, anapapasa ukuta, anapita mlango wa jikoni, anakaa kwenye kile kiti. Mikono juu ya magoti.

"Eliasi, nimpigie Skolastika?"

"Hapana."

Loo! Ile hapana niliijua. Sikuogopa kompyuta, mwenzangu, kompyuta ni bati. Niliogopa kile kiti. Niliona miaka mingine imekaa pale inanisubiri, na chai, na ndiyo, na hapana, na mimi naongea na sufuria. Nikatua ndizi zangu chini, nikavua kitambaa, nikachukua simu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Brenda amekufa."

"Brenda gani tena, mama mdogo?"

"Brenda wa baba yako mdogo! Ana Brenda wangapi?"

Skolastika akaniambia hawezi kuja, wateja wamejaa mpaka mlangoni, na mvua ya usiku ule ilikuwa imeila barabara yetu kiasi kwamba hata pikipiki haipandi. Kuishusha kompyuta mgongoni kwenye lile tope, hapana. "Mama mdogo, weka simu spika. Leo macho ni wewe. Skrini inaonyesha nini?"

"Nyeusi."

"Nyeusi kabisa?"

"Nyeusi kama sufuria ya makande. Kuna maandishi madogo hapa chini, ya Kiingereza."

Kutoka nje, mlangoni, Eliasi akasema, "Mwache, Skolastika. Hajui Kiingereza."

Ala! Damu ilinipanda mpaka masikioni. "Kiingereza sijui," nikamwambia, "lakini herufi nazijua zote, nilifundishwa na mwalimu mwenye fimbo! Mtoto, endelea."

Skolastika akaniambia nizime, niwashe, na papo hapo nishikilie kitufe cha Shift nisikiachie. Nikashikilia kama mtu aliyeshika kamba ya ndama. Ikatokea orodha fupi, maandishi meupe. "Safi!" akasema. "Hapo ndipo mlangoni kabisa, kabla mfumo haujaamka. Hapa tunaweza kuiambia maneno mawili matatu ya kuishi nayo leo tu. Ukizima, inayasahau. Kwa hiyo usiogope kuharibu. Sasa bonyeza i."

Nikabonyeza i. Hakuna kitu.

"Bonyeza i, mama mdogo."

"Nimebonyeza."

"Haijafunguka?"

"Haijafunguka. Nimeibonyeza mpaka kidole kinauma. Labda na wewe hujui!"

"Mama mdogo, bonyeza tu i, iko juu pale karibu na namba..."

"I iko hapa na nimeikalia!"

Mlangoni pakasikika mtu anakohoa. "Anamaanisha e," Eliasi akasema, kwa ukali, kama zamani akimwambia mtu umeshuka nusu sauti. "Wao wanaitaja kwa Kiingereza. Bonyeza e. E ya Eliasi."

Nikabonyeza E ya Eliasi, skrini nzima ikabadilika. Skolastika alikuwa anacheka huko Ngarenaro hadi wateja wake nikawasikia wanacheka. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba mtu wa kwenye kiti alikuwa anafuatilia.

Tukaelewana kuanzia hapo kila herufi itajwe kwa jina la mtu au la mahali, asije mtu akanipotezea muda. Nikaelekezwa nitafute mstari unaoanza na neno linux, niende mpaka mwisho wake. Pale kulikuwa na maneno mawili, quiet na splash. "Hayo," Skolastika akasema, "ndiyo yanayoiambia mashine inyamaze na ituonyeshe picha nzuri wakati inaamka. Yafute. Tunataka iseme kila inachokifanya."

"Kumbe kuna watu wana kitufe cha kuondoa kimya," nikasema, kwa sauti ya kufika mlangoni. Nikafuta. Nikabonyeza kitufe cha F kumi, kile cha safu ya juu, kama nilivyoambiwa.

Wee! Maandishi yalishuka kama siafu wametibuliwa. Kila mstari una neno OK la kijani mwanzoni. Nikataka kuyasoma, yameshapita. Skolastika akasema niyaache yapite, OK maana yake kila kiungo kinaamka salama, nisubiri litakalokwama. Na kweli, likakwama moja. Nyota nyekundu zikawa zinakwenda na kurudi mbele yake kama mtu anayetembea barazani akisubiri habari.

"Soma hapo."

"A. Starti... jo-bu. Isi. Ru-nini-gi."

"Start job," Eliasi akasema. Sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka nyuma yangu. Sikugeuka, niliogopa nikigeuka atarudi. "Kuna kazi imeanza na haijaisha. Endelea, Magdalena."

Mkono wake ukatua begani kwangu. Nikaendelea. Nilisoma kila kilichokuwepo, mistari ya kulala upande, namba, herufi, vistari, na yeye akiyarudia kwa sauti ndogo, na Skolastika huko akiyaandika. Baada ya dakika moja na nusu hivi nyota zikasimama, mstari mwekundu ukatokea. "Ti-me-di. O-u-ti."

"Timed out," wakasema wote wawili kwa pamoja.

"Ndiyo nini?"

"Imesubiri mpaka muda umeisha," Skolastika akasema. "Ilikuwa inasubiri diski, mama mdogo. Ile ya pili. Imeiita na haijaitika."

Mkono wa Eliasi ukawa mzito. "Imekufa?" akauliza. "Diski imekufa? Nyimbo zote zimo humo."

"Sijui, baba mdogo. Yaweza kuwa imekufa. Yaweza kuwa waya umelegea. Au mashine inaitafuta kwa jina ambalo si lake. Ngoja kwanza tuingie ndani."

Lakini kuingia hakukuwa rahisi. Mashine ilikuwa imeandika kwamba iko katika hali ya dharura, halafu ikasema mlango wa dharura nao umefungwa. Upuuzi gani huo? Unamwita mtu aje kuzima moto halafu unaficha funguo! Niliisema ile mashine, nikaisema kwa Kiswahili na nikaimalizia kwa Kimeru, mpaka Eliasi akasema, "Basi, basi, imesikia."

Skolastika alikuwa na njia nyingine. Akasema kuna faili moja ambalo mashine hulisoma kila ikiamka, linaloitajia diski za kufungua. Isipopata mojawapo, inagoma yote. Basi leo tutaiambia isilisome kabisa. Nikazima, nikawasha, Shift, E ya Eliasi, mwisho wa mstari, nikaacha nafasi. Akanitajia polepole: "F ya Faraja. S ya Soila. T ya Tengeru. A ya Akheri. B ya baba. Alama ya sawasawa. N ya Ngarenaro, O ya Olosiva. Ruka nafasi moja. R ya radi, W ya Wameru." Nilipomaliza nilikuwa nimeandika fstab=no rw, na jasho limenitoka kama nimepalilia shamba. Nikamsomea Eliasi nilichokiandika, herufi moja moja. Akasema ni sawa. F kumi.

Maandishi yakashuka. OK, OK, OK. Hakuna nyota. Skrini ikageuka bluu, na kutoka kwenye spika ile sauti yenye mafua ikataja jina la mume wangu na kumtaka neno la siri.

Nilipiga kigelegele. Haki ya Mungu, nilimpigia kigelegele mke mwenzangu, kuku wakakimbia.

"Nipishe," Eliasi akasema, na alikuwa anatabasamu kwa mdomo wote. Akakaa. Desturi yake huvaa vile vyombo vya masikioni, tunabaki mimi na kimya. Safari hii alivichomoa, akaviweka kando, ili na mimi nisikie. Hilo nililiona, nikaliweka moyoni.

Akaiamuru mashine itoe kumbukumbu zake za jaribio lililopita. Nilishangaa kwamba inaweka kumbukumbu hata za siku iliyoshindwa kuamka. Skolastika akanieleza kwamba inaandika kila kitu, kila jaribio na makosa yake, asiyeulizia ndiye anayekosa. Eliasi akataka makosa tu, kelele nyingine zikae pembeni. Brenda akaanza. Akafika kwenye jina la diski iliyosubiriwa, na Eliasi akamrudisha alitaje herufi kwa herufi. "Tisa. E. Nne..." likaendelea, refu, jina gani hilo, hata mtoto wa kwanza wa chifu hakupewa.

Halafu akaiuliza mashine ni diski zipi zilizomo ndani mwake sasa hivi, kwa majina yao halisi. Brenda akataja ya kwanza. Akataja ya pili.

Ya pili ilikuwepo! Nilimshika Eliasi shati. Ilikuwa haijafa.

"Nyamaza," akasema, ingawa sikuwa nimesema kitu. Brenda akawa anataja: "Tisa. A. Nne..."

Eliasi akasimamisha vidole. Akamrudisha. Tisa, a, nne. Akarudi kwenye kumbukumbu. Tisa, e, nne. Akainamisha kichwa upande, vile alivyokuwa akifanya kwenye kinanda mtu wa nyuma akipotea, na niliijua ile shingo, sikuwa nimeiona ikifanya hivyo muda mrefu mno.

"Skolastika," akasema taratibu, "siku ile mezani kwako, wakati unanisomea jina la diski na mimi nalichapa. Ulisema e, au ulisema ei?"

Kutoka Ngarenaro tukasikia, "Uwiii!"

Mmeelewa? Skolastika kasoma kompyuta kwa Kiingereza, herufi A kwake ni "ei". Eliasi kasoma shule ya msingi hapa hapa, "ei" akaisikia kama e, akachapa E. Na Brenda, kwa Kiswahili chake cha mafua, akarudia "e" kuthibitisha. Skolastika akasikia "e", akadhani ndiyo ileile "ei" yake, akasema safi, twende. Watu wawili na mashine moja, wote wamekubaliana, wote wameridhika, na wote wamekosea! Siku ile haikujulikana kwa sababu Skolastika alikuwa ameshaifungua diski kwa mkono wake. Ilipozimwa na kuwashwa nyumbani ndipo mashine ikaanza kuliita jina la mtu asiyekuwepo.

"Mimi na ukubwa wangu wote," Skolastika alikuwa anasema, "ningenakili tu, baba mdogo, nisingekuacha uchape."

"Nilitaka kuchapa mwenyewe," Eliasi akasema.

"Mlitaka kuniua kwa presha, nyie wote wawili," nikasema mimi. "Na huyo Brenda wenu wa tatu."

Eliasi akabadilisha herufi moja kwenye lile faili. Moja! Skolastika akamtajia na neno moja dogo la kuongeza pembeni ya ule mstari, ili siku nyingine diski ikikosekana mashine iendelee kuamka bila kugoma. Nikazima, nikawasha bila kushika Shift, bila kufuta wala kuongeza, mikono kifuani. Brenda akaitikia. Eliasi akafungua diski, akabonyeza, na sebule yetu ikajaa watu. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi. Nilikaa juu ya gunia la kahawa nikalia, na sikujificha. Nilimwambia Mungu asante, nikamwambia Skolastika asante mpaka akasema mama mdogo vocha inaisha.

Soko nilishalikosa. Ndizi tulikula wenyewe na majirani.

Eliasi alifanya kazi siku ile nzima, na Jumapili baada ya ibada alizichezesha nyimbo pale kanisani, watu wamebaki kwenye mabenchi. Elirehema alisikiliza akiwa amefumba macho. Wimbo ulipokwisha alimwendea Eliasi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwamba studio haitajwi tena, na kwamba kinanda nacho kinamwulizia. Eliasi hakusema ndiyo wala hapana. Akasema, "Nitakuja Jumamosi kukisikiliza."

Tukiwa tunatoka, Nashipae wa sauti ya kwanza akanipigia kelele kutoka ngazi za juu, "Magdalena, leo umependeza, mama!" Nikamjibu utani, tukaondoka, mimi mbele kidogo, Eliasi ameshika kiwiko changu kwenye lile tope. Nikasema moyoni, ameshachoka, atataka chai.

Tulipofika barazani hakuachia kiwiko.

"Nashipae amesema umependeza," akasema.

"Nashipae ana maneno."

"Umependezaje?" akauliza. "Nisomee, Magdalena. Uso wako sasa ukoje?"

Jamani. Tangu alipopofuka hakuwahi kuniomba nimsomee hata bei ya sukari. Nikaingia ndani, nikachukua kile kioo kidogo cha dirishani, nikarudi nikasimama mbele yake kwenye mwanga. Nikaanza juu. Nikamwambia nywele zimeingia mvi hapa pembeni, zaidi kushoto. Kwenye paji la uso kuna mistari mitatu, ya katikati ndiyo ndefu, na hiyo ni yake yeye, namdai. Macho ni yaleyale. Mashavu yamejaa, nimenenepa, asidanganywe na mtu. Kidevuni kuna kovu, ng'ombe alinipiga pembe. Akawa anasikiliza, kichwa kimeinama upande.

Nikafika mdomoni. Halafu nikasema, "Na jino. Sikukuambia. Niling'olewa jino la mbele, upande wa kushoto, wakati ule ulipokuwa hutaki kusemeshwa. Sikuona sababu ya kukubebesha na hilo."

"Najua," akasema.

"Umejuaje? Nani kakuambia?"

"Wewe mwenyewe. Ulirudi siku ile ukasema, 'Nimesahau sukari.' S zote mbili zikatoka na mluzi." Akanyoosha kidole, akaligusa lile pengo, taratibu. "Tangu siku ile nausikia. Hata ukiwa bandani unamsema ng'ombe, nausikia. Nilikuwa nakaa pale nausubiri."

Nikakaa chini pale pale barazani na gauni langu la kanisani. Miaka ile yote nilidhani naongea peke yangu. Nikasema asante, kwa sauti, na wote wawili tukausikia ule mluzi.